MAJENEZA YA RANGI YA MISRI YA KALE: KILA PICHA NA KAZI YAKE

Katika Misri ya kale, upande wa magharibi wa mto Naili, mkabala wa mji uitwao leo Luxor, kilikuwako kijiji cha mafundi ambacho siku hizi hujulikana kwa jina la Deir el-Medina. Wakaaji wake walikuwa wachonga mawe, maseremala na wachoraji, na kazi yao ilikuwa kuchimba na kupamba makaburi ya wafalme. Walikaa hapo tangu yapata mwaka 1500 hata karibu na mwaka 1070 kabla ya Kristo. Baadhi yao walijua kuandika, nao waliacha hesabu zao juu ya vigae na vipande vya mawe. Na kwa njia ya hesabu hizo bei za vitu vyao zajulikana hata leo.

Sarafu hazikuwako zamani zile. Thamani ya kitu ilihesabiwa kwa uzito wa shaba, na kipimo chake kiliitwa deben, yapata gramu 91. Fundi wa kawaida alipewa magunia matano na nusu ya nafaka kila mwezi, yenye thamani ya deben 11 hivi. Jeneza la mbao, kwa kawaida, liliuzwa deben 20 mpaka 40. Maana yake ni kwamba mtu aliyetaka kuzikwa katika jeneza lililopakwa rangi alitoa thamani ya chakula cha nyumba yake cha miezi miwili, mitatu au zaidi, akanunua kitu kitakachoshushwa gizani wala kisionekane tena na mtu ye yote.

Msomaji aweza kuuliza kama watu hao walikuwa wapumbavu. La, hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na sababu zao, na sababu hizo zimeandikwa juu ya majeneza yenyewe, kwa picha na kwa rangi. Ajuaye kuzisoma atafahamu mambo waliyoyaogopa na mambo waliyoyatumaini.

IMANI ILIYOZAA JENEZA

Wamisri wa kale waliamini kwamba mtu ameungwa kwa vitu vingi: mwili, moyo, kivuli, jina, nguvu ya uhai iitwayo ka, na roho iitwayo ba. Ba ilichorwa kama ndege mwenye kichwa cha mwanadamu. Mchana iliweza kutoka kaburini na kuruka huko na huko, lakini usiku ilipaswa kurudi katika mwili wake. Mwili ukioza, ba haina pa kurudi. Kwa hiyo maiti ilitengenezwa isioze. Kazi yote ilichukua siku 70, na dawa iliyotumika zaidi ilikuwa chumvi kavu ya jamii ya magadi, kama ile ichimbwayo katika ziwa Magadi nchini Kenya, ambayo hunyonya maji yote ya mwilini. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Yusufu mwana wa Yakobo naye alipakwa dawa akatiwa katika sanduku huko Misri, kama ilivyoandikwa mwishoni mwa kitabu cha Mwanzo.

Juu ya mambo hayo kulikuwa na habari za Osiris. Zilisimuliwa kwa urefu na Plutarch, mwandishi wa Kiyunani aliyeishi yapata mwaka 100 baada ya Kristo, lakini Wamisri wenyewe walikuwa wakimheshimu Osiris zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Kwa masimulizi ya Plutarch, Osiris alikuwa mfalme mwema, na ndugu yake Seth alimwonea kijicho. Seth akapima kwa siri urefu wa mwili wa ndugu yake, akatengeneza sanduku zuri la kumtosha barabara. Katika karamu akatangaza kwamba atakayelala ndani yake likamwenea atapewa liwe lake. Wageni wakajaribu mmoja mmoja, halikuwaenea. Osiris alipolala, likamwenea. Na mara hiyo wenzi wa Seth wakalifunika, wakalipigilia misumari, wakalitupa mtoni. Isis, mkewe Osiris, akatoka kumtafuta, na kwa uaminifu wake na ustadi wake mumewe akapata uhai tena, akawa mfalme wa wafu.

Basi kila Mmisri aliyekufa alitumaini kupita njia ile ile. Maandishi ya jeneza humwita maiti kwa jina la Osiris kwanza, kisha kwa jina lake mwenyewe. Sanduku lililokuwa mtego wa Osiris likawa chombo cha kufufukia. Wayunani waliliita jeneza la mawe kwa neno lenye maana ya “mla nyama”, lakini Wamisri waliliita kwa maneno yenye maana ya “bwana wa uzima”. Tofauti ya majina hayo yatosha kuonyesha tofauti ya mawazo.

MBAO ZAKE

Misri ni nchi yenye miti michache. Maseremala walitumia miti ya kwao, kama mgunga na mkuyu. Mkuyu huo ndio ule ule uotao kando ya mito katika Kenya na Tanzania, ambao matunda yake hupendwa na ndege na nyani. Mbao zake ni nyepesi na hazinyoki vizuri. Kwa hiyo fundi aliunga vipande vifupi vifupi kwa vijiti vya mti, akaziba nyufa kwa udongo na chokaa. Hata hivyo mkuyu ulipendwa kwa sababu nyingine. Wamisri waliamini kwamba mungu wa kike hukaa ndani ya mti huo, na picha nyingi humwonyesha akitokeza katikati ya matawi, akimmiminia maiti maji ya kunywa na kumpa mikate. Mtu aliyelazwa katika mbao za mkuyu alikuwa kama mtoto aliyerudishwa kifuani mwa mama yake.

Matajiri waliagiza mierezi kutoka Lebanoni, nayo ilisafirishwa kwa merikebu. Mbao za mwerezi ni ndefu, hunyoka, na hunukia vizuri. Maskini hawakupata hata mbao za mkuyu. Katika makaburi ya watu wa kawaida yaliyofukuliwa huko Amarna, mji uliojengwa na Farao Akhenaten yapata mwaka 1350 kabla ya Kristo, ilionekana kwamba wengi walizikwa mchangani wakiwa wamevingirishwa katika mikeka ya vijiti, na ni wachache tu waliokuwa na jeneza la mbao. Kwa hiyo aonaye majeneza mazuri katika nyumba za makumbusho akumbuke kwamba anaona maziko ya watu wachache.

RANGI NA MAANA YAKE

Seremala akiisha kazi yake, sanduku lilipakwa chokaa iliyochanganywa na gundi, likawa jeupe na laini, tayari kwa mchoraji. Rangi nyekundu na ya manjano zilitokana na udongo. Nyeusi ilitokana na masizi. Ya kijani ilitokana na madini ya shaba. Ya samawati haikuchimbwa kama nyingine; mafundi walisaga mchanga, chokaa na madini ya shaba, wakavichoma pamoja katika moto mkali wa nyuzi 850 mpaka 1000, kisha wakausaga tena mchanganyiko huo ukawa unga. Hiyo ni mojawapo ya rangi za kwanza kabisa duniani kutengenezwa na mikono ya wanadamu.

Hakuna rangi iliyochaguliwa kwa uzuri wake tu. Kwa Mmisri, nyeusi ilikuwa rangi ya tope linaloachwa na mto Naili baada ya mafuriko, ambamo mbegu huota. Wamisri waliiita nchi yao “Nchi Nyeusi”. Kwa hiyo yako majeneza ya karne ya 15 na ya 14 kabla ya Kristo yaliyopakwa weusi karibu pote, yakiwa na mistari ya dhahabu au ya manjano, na weusi huo si wa msiba; ni weusi wa shamba lililo tayari kupandwa. Kijani ni rangi ya mimea michanga, na ndiyo sababu uso wa Osiris huchorwa kijani. Manjano ni rangi ya jua na ya dhahabu, na waliamini kwamba miili ya miungu ni dhahabu isiyoharibika. Mtu asiyeweza kununua dhahabu alijipaka manjano, akatumaini kupata faida ile ile.

KULISOMA JENEZA

Majeneza ya zamani zaidi yalikuwa masanduku ya pembe nne. Katika yale ya yapata mwaka 2000 kabla ya Kristo, msomaji ataona macho mawili makubwa yamechorwa upande mmoja wa nje. Maiti ililazwa kwa ubavu wa kushoto, kichwa kaskazini na uso mashariki, na macho hayo yalichorwa mbele ya uso wake ili atazame jua likichomoza kila siku. Karibu na macho huchorwa mlango, ili ka ipate kutoka na kuingia.

Ndani ya masanduku hayo mara nyingi mna picha za vitu vya kila siku: viatu, vioo, pinde, shanga, mitungi na vyakula. Mfano mzuri ni jeneza la liwali mmoja jina lake Djehutynakht, aliyezikwa Deir el-Bersha yapata mwaka 2000 kabla ya Kristo. Kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1915, na jeneza lake la mwerezi limo katika nyumba ya makumbusho ya Boston, Marekani. Picha zake zilizo bora, zilizochorwa kwa uangalifu wa ajabu hata manyoya ya ndege yaweza kuhesabiwa, zimo upande wa ndani. Walio hai wasingeweza kuziona baada ya kifuniko kufungwa. Mchoraji alimchorea mtu mmoja tu, yaani yule aliyelala ndani. Katika majeneza mengine ya mahali hapo ilichorwa hata ramani ya njia za ahera, moja ya maji na moja ya nchi kavu, ili msafiri asipotee.

Baadaye majeneza yakaanza kuchongwa kwa umbo la mtu aliyefungwa sanda. Anayetaka kulisoma jeneza la namna hiyo na aanze kichwani. Uso si picha ya kufanana na marehemu. Ni uso mtulivu wa mtu aliyekwisha kuwa kama mungu. Kifuani huonekana ushanga mpana wa maua, na mara nyingi dundu mwenye mabawa. Dundu huyo ni yule aviringishaye mavi ya wanyama, ambaye watu wa mashamba wamjua sana. Wamisri walipomwona akisukuma tufe lake, na wadudu wachanga wakitoka ardhini, walimfananisha na jua linalosukumwa mbinguni na kuzaliwa upya kila asubuhi.

Chini ya kifua, au katika upande wa ndani wa kifuniko, husimama au hupiga magoti mwanamke aliyekunjua mikono au mabawa. Huyo ni Nut, yaani mbingu. Waliamini kwamba hulimeza jua jioni na kulizaa alfajiri. Basi kifuniko ni mbingu, sakafu ni nchi, na maiti iliyo katikati ni jua lingojalo kuchomoza. Kichwani huwa Nephthys na miguuni Isis, wale ndugu wawili waliomlilia Osiris. Ubavuni husimama wana wanne wa Horus, walinzi wa viungo vya ndani: mwenye uso wa mtu hulinda ini, mwenye uso wa nyani hulinda mapafu, mwenye uso wa mbweha hulinda tumbo, na mwenye uso wa kipanga hulinda matumbo.

Picha nyingine ipatikanayo mara nyingi ni ile ya mizani. Moyo wa marehemu umewekwa upande mmoja, na upande wa pili pana unyoya wa Maat, yaani kweli na haki. Thoth mwandishi huandika hesabu. Kando amekaa mnyama wa kutisha, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko, akingoja kuumeza moyo ulioshindwa.

Nguvu za picha hizi hazikuwa mzaha kwao. Katika majeneza kadha wa kadha, waandishi walipohitaji kuandika herufi yenye umbo la nyoka, walimchora amekatwa vipande, na ndege wakachorwa hawana miguu. Waliogopa kwamba herufi zaweza kupata uhai gizani na kumdhuru mwenye kaburi.

JINA

Juu ya picha zote hizo kulikuwa na jambo moja kubwa zaidi, nalo ni jina. Picha ya mikate ilimlisha nani, ikiwa jina halikuandikwa? Isis alimlinda nani? Jina ndilo lililoufunga ulinzi wote kwa mtu mmoja. Aliyepotewa na jina alihesabiwa amekufa mara ya pili, na kifo hicho hakina dawa.

Mwaka 1907, katika Bonde la Wafalme karibu na Luxor, lilifukuliwa kaburi ambalo wataalamu huliita KV55. Ndani yake mlikuwa na jeneza la fahari, lakini sehemu kubwa ya uso wake wa dhahabu ilikuwa imebanduliwa, na kila mahali palipokuwa na jina la mwenyewe pamekatwa pakaondolewa. Wataalamu wengi husema kwamba aliyelala humo ni Akhenaten, yule mfalme aliyeiacha miungu ya zamani, na wengine wamekataa. Mabishano hayo yamechukua zaidi ya miaka 100. Waliokata jina walijua vizuri kazi waliyoifanya.

Lakini si adui tu waliofuta majina. Yapata mwaka 1100 kabla ya Kristo nchi ilipatwa na njaa, mishahara ikachelewa, na wezi wakaingia makaburini. Hati za mahakama za siku za Farao Ramesses wa Tisa zimebaki hata leo. Katika mojawapo, fundi mmoja wa mawe akiri kwamba yeye na wenzake waliingia katika kaburi la mfalme wa kale Sobekemsaf na mkewe, wakachukua dhahabu, na majeneza wakayatia moto. Baadaye makuhani wenyewe waliwakusanya wafalme waliosalia na kuwaficha katika shimo moja huko Deir el-Bahari. Shimo hilo lilipofunguliwa na wakuu wa serikali mwaka 1881 zilipatikana maiti zaidi ya 50. Ramesses wa Pili, mmojawapo wa wafalme wakubwa wa Misri, alikuwa amelala katika jeneza la mbao ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake, na jina lake limeandikwa juu yake kwa wino.

Katika karne zile zile mbao ziliadimika, na majeneza mengi ya raia wakubwa yalitumiwa mara ya pili. Maiti ya kwanza iliondolewa, jina likapakwa chokaa, na jina jipya likaandikwa juu. Mengine yalitengenezwa mapema, yakaachwa na nafasi tupu ya jina, na nafasi nyingine hazikujazwa kamwe. Watu waliofanya hivyo waliamini mambo yale yale juu ya jina. Walijua ubaya wa kumnyang'anya marehemu nyumba yake, lakini walikuwa na maiti yao mikononi, na mbao hazikuwako.

MIKONO YA MAFUNDI

Maandishi ya picha ya Wamisri yaliachwa kutumika baada ya karne ya nne ya Kristo, na kwa zaidi ya miaka 1,400 hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma. Mwaka 1822 Mfaransa Champollion alitangaza kwamba amepata njia ya kuyafahamu. Katika mwaka ule ule nyumba ya makumbusho ya Fitzwilliam, Cambridge, Uingereza, ilipewa majeneza ya Nespawershefyt, msimamizi wa mafundi na waandishi wa hekalu la Amun aliyeishi yapata mwaka 1000 kabla ya Kristo. Leo jina lake husomwa. Husomwa pia vyeo vyake, ambavyo viliongezwa juu ya jeneza kadiri alivyopandishwa kazini. Na wataalamu wameona kwamba baadhi ya mbao zake zilitoka katika jeneza la mtu mwingine wa zamani zaidi.

Ardhi ya Misri haijaisha kutoa majeneza. Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 yalitangazwa majeneza 30 yaliyopatikana Asasif karibu na Luxor, na mwaka 2020 zaidi ya 100 yalipatikana Saqqara, mengi yakiwa na rangi zinazong'aa kana kwamba mchoraji ameondoka jana.

Hata hivyo wachoraji wenyewe hawakuandika majina yao juu ya kazi hiyo. Wao waliowaandikia wengine jina ili wasife mara ya pili, wao wenyewe hawajulikani. Lakini juu ya kifuniko cha jeneza la ndani la Nespawershefyt kuna alama za vidole. Fundi mmoja alikishika na kukisogeza kabla utomvu wa kung'arisha haujakauka, na alama zake zikabaki. Zimekaa hapo miaka 3,000, karibu na jina la mtu aliyemtumikia.